Madaraja ya Mawe na Mabega ya Wapagazi

Kila siku ya kazi, kabla jua halijapanda, watu wenye mizigo huanza kupita baina ya Gikomba, Pumwani na Kariokor. Wengine husukuma mikokoteni, wengine hubeba marobota ya nguo mgongoni, na wako wanawake wapitao na vyondo vilivyoning'inia kwa ukanda uliozungushwa kichwani. Watu waendao ofisini huwapisha, na mara nyingine huwakemea kwa kuziba njia. Ni wachache miongoni mwao wakumbukao kwamba mtaa wa Kariokor ulipata jina lake kwa watu wa kazi hiyo hiyo ya kuchukua mizigo, na kwamba wapagazi walikanyaga nchi hii ya Nairobi kabla gari moshi halijafika.

Huko Uingereza habari za njia za kale zimehifadhiwa kwa mawe. Kabla ya kuwapo barabara za magari na reli, bidhaa za nchi ile, kama sufu, chumvi na nguo, zilichukuliwa na farasi waliofuatana mmoja nyuma ya mwingine. Kila farasi alichukua mzigo wa ratili 240 hivi, nusu ubavu huu na nusu ubavu huu, na farasi wa mbele alifungwa kengele ili watu wajue kwamba msafara waja. Ili farasi hao wavuke mito wakati wa mvua, watu walijenga madaraja membamba ya mawe, ambayo upana wake wamtosha farasi mmoja tu. Kuta za pembeni zilifanywa fupi sana, au hazikuwekwa kabisa, ili mizigo iliyoning'inia isigonge. Katika kijiji cha Moulton, jimbo la Suffolk, lipo daraja la namna hiyo la karne ya 15, lenye matao manne. Mto wenyewe sasa ni mdogo, na farasi wa mizigo hawapiti tena, lakini daraja limesimama, nalo latunzwa na kutembelewa na wageni.

Msomaji aweza kuuliza: Je, mbona hakuna madaraja kama hayo katika njia kuu ya kale itokayo Mombasa kwenda Uganda? Wako waliojibu upesi kwamba watu wa nchi hizi hawakujua kujenga kwa mawe. Jawabu hilo si la kweli. Mtu akienda Gedi, karibu na Malindi, ataona magofu ya msikiti, jumba la mfalme na nyumba nyingi zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe. Kule Kilwa jumba kubwa la Husuni Kubwa lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, yaani kabla ya daraja la Moulton. Wala si pwani peke yake. Huko Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, zipo kuta nene za mawe yaliyopangwa bila chokaa wala udongo, nazo zimesimama kwa karne kadhaa. Mwaka 2018 mahali hapo paliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Basi mawe yalikuwapo, na mafundi walikuwapo.

Sababu ya kwanza ni mdudu mdogo, naye ni mbung'o. Katika sehemu nyingi za nyika, baina ya pwani na nchi za juu, inzi huyo huwauma farasi, nyumbu, ng'ombe na punda, akawaambukiza ugonjwa wa nagana. Mnyama hukonda, hulegea, na mwisho hufa njiani na mzigo wake. Wamasai walitumia punda kuchukua vyombo vya boma walipohama, kwa kuwa waliishi katika nyanda zisizo na mbung'o. Lakini msafara uliotoka pwani sharti upite katika nchi ya mbung'o, na hasara ya wanyama ilikuwa kubwa mno. Kwa hiyo mzigo uliwekwa juu ya kiumbe ambaye katika njia zile aliweza kustahimili zaidi, naye ni mwanadamu.

Sababu ya pili yafuatana na ile ya kwanza. Farasi mwenye mzigo hawezi kupita juu ya gogo, bali mtu aweza. Palipokuwa na mto mwembamba, mti uliangushwa ukalala ng'ambo hata ng'ambo. Palipokuwa na mto mpana, msafara ulitafuta kivuko, watu wakaingia majini hata kifuani, mizigo ikiwa vichwani. Gogo lilipochukuliwa na mafuriko, liliangushwa jingine. Msafara haukuwa na haja ya tao la mawe, kwa kuwa mguu wa mpagazi ulikuwa ndio daraja lake.

Tena hapakuwa na mamlaka moja iliyoitunza njia nzima. Msafara uliingia nchi ya mtawala huyu na kutoka nchi ya mtawala yule, na kila mahali mwenye nchi alidai malipo ya kupita. Malipo hayo yaliitwa hongo. Siku hizo neno hilo halikuwa na aibu: lilikuwa ni ushuru wa haki kwa mwenye maji, kuni na njia. Leo neno hilo hilo ni jina la rushwa, na hapana mtu apendaye kulitaja mbele ya watu. Maneno nayo husafiri, na mengine huharibika njiani.

Njia yenyewe haikufunguliwa na wageni. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, Wakamba walikuwa wakileta pembe za ndovu kutoka bara hata Rabai na Mombasa. Mkuu mmoja wa biashara hiyo alikuwa Kivoi Mwendwa, ambaye sifa zake zilijulikana tangu Kitui hata pwani. Mmisionari Ludwig Krapf alipouona Mlima Kenya mwaka 1849, aliuona kutoka nchi ya Kitui, naye alikuwa mgeni wa Kivoi. Mwaka 1851 Kivoi aliuawa safarini, karibu na Mto Tana, na Krapf mwenyewe aliponea chupuchupu. Baadaye biashara ya pembe iliingia zaidi mikononi mwa wafanya biashara wa pwani, Waswahili na Waarabu, waliotoka Mombasa na Pangani wakapita Taveta, Ngong na Naivasha, wakafika Baringo na nchi ya Mumia. Mmoja wa watu hao, Jumbe Kimameta wa Pangani, aliyajua mapito ya Umasai kuliko Mzungu ye yote wa siku zile. Joseph Thomson alifuatana naye katika safari ya 1883 na 1884, na Count Teleki katika safari ya 1887 na 1888. Vitabu vya Ulaya huwaita Thomson na Teleki wavumbuzi. Lakini mtu aliyekwisha kuijua njia alikuwa akitembea pamoja nao.

Mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila mbili hivi, yaani karibu ratili 70, mbali na mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Kwenda bara alichukua merikani, ile nguo nyeupe ya pamba iliyopewa jina la nchi ya Marekani kwa kuwa ndiko ilikotoka kwanza. Alichukua kaniki kutoka Bara Hindi, shanga za Ulaya na masango ya shaba. Kurudi alichukua pembe. Mbele ya watu wote alitembea kirangozi, ambaye ndiye aliyeshika mwendo wa msafara, na ngoma au baragumu ilipigwa kama vile kengele ya farasi wa mbele huko Uingereza. Posho ilipimwa kwa kibaba, kibaba kimoja kwa mtu kwa siku. Neno hilo la posho halijafa: huko Uganda ndilo jina la ugali mpaka leo.

Si wapagazi wote waliokuwa watu huru. Wengine walijiajiri kwa mshahara wa riali, na wengine walikuwa watumwa waliopelekwa na mabwana zao, ambao walichukua sehemu ya mshahara wao. Kutoka Rabai kwenda Taita waliingia nyika ya Taru, ambako maji hupatikana kwa bahati katika ngurunga za mawe. Zikiwa kavu, mwenye kuchoka aliachwa. Na wakati mwingine hatari ilitoka ndani ya msafara wenyewe. Mwezi wa Novemba 1895, katika Bonde la Kedong, msafara mkubwa wa Waswahili na Wakikuyu uliokuwa ukirudi kutoka Eldama Ravine ulishambuliwa na Wamasai, na mamia ya watu wakauawa. Uchunguzi wa Serikali ulionyesha kwamba watu wa msafara ndio waliowachokoza Wamasai kwanza. Wengi waliokufa walikuwa wapagazi waliochukua mzigo tu, wala hawakuwa na neno katika ugomvi ule.

Katika miaka hiyo ya 1890 palianza kutengenezwa barabara ya magari ya kukokotwa. Ya kwanza ilianzia pwani kwenda Kibwezi, ikaitwa kwa jina la Mackinnon, mkuu wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Ya pili iliendeleza njia kutoka Kibwezi kwenda bara, ikaitwa kwa jina la Kapteni Sclater aliyeisimamia. Mwaka 1896 kituo kidogo cha barabara hiyo kiliwekwa karibu na kijito ambacho Wamasai walikiita Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Reli ilifika hapo mwezi wa Mei 1899, na mwisho wa mwaka 1901 ikafika Ziwa la Victoria. Njia iliyowachukua wapagazi miezi sasa ilikuwa ni safari ya siku chache, na kazi ya mpagazi ikapungua thamani mara moja.

Lakini watu wenyewe hawakutoweka. Kando ya mji mpya palitokea vijiji, na mojawapo kiliitwa Pangani, jina lililo pia la mji wa pwani ambako misafara mingi ilianzia. Humo walikaa Waswahili na watu wengine wa bara waliokwisha kuzoea maisha ya safari, pamoja na wanawake waliojijengea nyumba zao na kupangisha vyumba. Vijiji vingine viliitwa Mombasa, Maskini na Kaburini. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 baraza la mji lilipima viwanja huko Pumwani na kuwahamishia watu wa vijiji vile. Wazee hueleza kwamba maana ya Pumwani ni mahali pa kupumua, yaani pa kupumzikia. Pangani ilidumu hata mwisho wa miaka ya 1930, ndipo nayo ikabomolewa, na nyumba za Shauri Moyo zikajengwa ili kuwapokea waliohamishwa. Hivyo mitaa ya mashariki ya Nairobi ilianza kama kambi ya mwisho ya watu wa misafara.

Ilidhaniwa kwamba reli imemaliza habari ya mizigo kuchukuliwa kichwani. Vita vya 1914 vilionyesha kwamba haikumaliza. Majeshi ya Uingereza na ya Wadachi walipopigana katika Afrika Mashariki, walikwenda mbali na reli, wakaingia nchi za mbung'o. Mwaka 1916 farasi, nyumbu, ng'ombe na punda walikufa kwa makumi ya maelfu. Basi Serikali ikamrudia mwanadamu. Jeshi la wapagazi liliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na ndimi za watu zikalifanya Kariakoo. Mwaka 1915 ilitolewa sheria ya kuwaandika watu kwa lazima, na mwaka 1917 vijana walikusanywa katika wilaya nyingi kwa wingi usiopata kuonekana. Kutoka Kenya peke yake waliandikwa watu zaidi ya 150,000. Wasomaji wa Biblia wamkumbuka Simoni wa Kirene, aliyetoka shambani akashurutishwa kuuchukua msalaba usiokuwa wake. Watu hao nao walitoka mashambani.

Ili kufahamu kwa nini walihitajiwa wengi hivyo, yafaa kupiga hesabu kidogo. Mpagazi mwenye ratili 50 za unga, akila ratili 2 kila siku, ataumaliza mzigo wake kwa siku 25. Basi akitembea siku 10 kwenda na siku 10 kurudi, yeye mwenyewe atakula ratili 40, na askari aliye mbele atapata ratili 10 tu. Kadiri majeshi yalivyozidi kwenda mbali, ndivyo mpagazi alivyohitaji mpagazi mwingine wa kumchukulia chakula. Na palipotokea upungufu, aliyepunguziwa kwanza ni yule mchukuzi.

Wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Watu wa nchi za juu walipelekwa kwenye mabonde ya joto na malaria, na unga wa mahindi usioiva vizuri uliwadhuru matumbo. Hesabu rasmi ilitaja vifo zaidi ya 40,000 katika jeshi la wapagazi la Uingereza, na wanahistoria waliochunguza baadaye wameona kwamba idadi ya kweli ilikuwa kubwa zaidi. Mishahara ya wengi waliokufa ilibaki bila kuchukuliwa. Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa jeshi hilo, alitaka fedha hizo zitumiwe kwa faida ya watu wa wilaya walikotoka wapagazi. Wakubwa wa London hawakukubali, na fedha hazikurudi vijijini.

Kambi ya wapagazi hao huko Nairobi ilikuwa mahali panapoitwa Kariokor. Mji wa Dar es Salaam nao una Kariakoo yake, kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka 1928, katika barabara ambayo sasa ni Kenyatta Avenue, zilisimamishwa sanamu za shaba za watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Maandishi yake, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yaahidi kwamba wana watalikumbuka jina la aliyekufa. Ahadi hiyo ni nzuri, ila pale penyewe halikuandikwa jina hata moja. Askari Wazungu waliokufa katika vita vile vile walipewa kaburi na jiwe lenye jina la kila mtu. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ya kukiri jambo hilo. Taarifa ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au labda hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Miaka 100 na zaidi ilikuwa imekwisha kupita.

Basi hapo ndipo daraja la Moulton linapopata maana kwa mtu wa Kariokor. Mawe ya Waingereza yamehifadhi habari ya farasi wao, hata mtoto wa shule aweza kuyashika kwa mkono wake. Njia za nchi hii zilibebwa na mabega ya watu, na bega halibaki baada ya mwenyewe kuzikwa. Kilichobaki ni majina: Kariokor, Pangani, Pumwani, Shauri Moyo. Katika miaka ya karibuni nyumba za zamani za mitaa kadhaa zimebomolewa ili maghorofa yajengwe, na zile za Pangani ni miongoni mwao. Hapana aliye na akili atakayewaombea watu waendelee kukaa katika vyumba vibovu visivyo na maji. Nyumba njema ni haki ya mtu. Lakini nyumba ikibomolewa yaweza kujengwa nyingine iliyo bora, bali jina likifutwa na mzee akifa bila kuulizwa, hapana fundi awezaye kuvijenga tena.

Kwa hiyo ziko kazi zilizo katika uwezo wa watu wa kawaida, wala hazihitaji fedha nyingi. Mwenye babu au babu mkuu aliyekwenda Kariakoo na alitafute jina lake, jina la kijiji chake, na kama alirudi au hakurudi, aliandike katika daftari la nyumbani. Chama cha ukoo kinapokutana, na lisomwe. Mwalimu wa shule iliyo katika mitaa hiyo na awapeleke watoto kwa miguu kutoka shuleni hata soko la Kariokor, awaeleze maana ya neno lile lililoandikwa juu ya matatu wanazopanda kila siku. Na wale watakaopewa kazi ya kuyataja maghorofa mapya na wafikiri mara mbili kabla ya kuliacha jina la zamani kwa kulipenda jina la kigeni lisilo na habari yo yote.

Liko na neno moja la mwisho, nalo lawahusu walio hai. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtu asiyeubeba huuona mwepesi. Mabwana wa misafara waliuona hivyo, na maafisa wa vita waliuona hivyo, ndiyo sababu hawakuandika majina. Asubuhi ya kesho, mchukuzi atakapopita Gikomba na robota mgongoni, akiomba njia kwa sauti ya kuchoka, ampishaye bila kumkemea atakuwa amefanya jambo dogo. Lakini ndilo jambo ambalo watu wa Kariakoo hawakufanyiwa.